Ualimu Ukubwani: Mbona Twacheka?

Hapa Bondeni mtu akiacha ualimu akawa mwanasiasa, twampigia makofi. Akiacha ualimu akafungua duka la simu Barabara ya Digo, twasema amefunguka macho. Lakini mtu mzima, mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi, akiacha kazi nyingine akaenda kusomea ualimu, hapo ndipo vicheko vinapoanza. Ataulizwa amepatwa na nini. Ataulizwa kama amefukuzwa kazi. Wengine watanong'ona kuwa amerogwa. Mimi nasema kicheko hicho hakina msingi, na katika kurasa hizi nilizopewa na Chama chetu nitaeleza kwa nini. Mpenzi msomaji, kama wewe ni mmoja wa wanaocheka, nakusihi usifunue ukurasa wa vitendawili kabla hujanisikiza.

Niseme mapema kwamba mimi si refa katika mchezo huu. Anayechekwa ni baba yangu mzazi. Alianza kusomea ualimu Januari 2023, umri wake miaka 44, nami nikiwa ndio kwanza naingia darasa la nane.

Kabla ya hapo baba alikuwa klarani wa kutoa mizigo bandarini kwa muda wa miaka kumi na sita. Usidhani ni kazi ya kubeba magunia. Kazi yake ilikuwa karatasi: hati za shehena, ankara, stakabadhi za forodha, na kuhakikisha kwamba nambari ya kontena iliyo kwenye karatasi ndiyo ile ile iliyoandikwa kwenye chuma. Tarakimu moja ikikosewa, kontena hulala bandarini na malipo ya kulala huongezeka kila kukicha, kama deni la dukani. Alikuwa na digrii ya Kiswahili na Historia tangu 2003, lakini hakuwa amesomea ualimu, na hata waliousomea miaka ile walikuwa wakikaa nyumbani. Tangu 1998 Serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri walimu wapya, isipokuwa kujaza nafasi za waliostaafu, waliofariki na walioacha kazi. Kwa hiyo bandari ikamchukua, kama ilivyochukua nusu ya wanaume wa mtaa huu.

Reli mpya ikaja. Abiria walianza kuipanda mwaka 2017, mwaka uliofuata ikaanza kubeba mizigo, na mwaka 2019 Serikali ikaamuru kontena za kwenda bara zipakiwe kwenye treni zikatolewe ushuru huko huko Nairobi. Mtu wa Mombasa hahitaji kukumbushwa maandamano ya kila Jumatatu ya mwaka ule. Madereva wa malori, maturniboi, kina mama wauza chakula kando ya barabara ya Changamwe, maklarani, wote walitikisika. Ofisi aliyokuwa akifanyia kazi baba ilifunga mlango. Alirudi nyumbani na boksi moja la karatasi na kikokotoo.

Hapo ndipo watu wa barazani wanapoikatia hadithi yake. Wasema, "Alikosa kazi, akakimbilia ualimu." Ama kwa hakika, kama mambo yangekuwa hivyo nisingekuwa na la kuandika. Lakini sivyo yalivyokuwa.

Machi 2020 skuli zote nchini zilifungwa kwa sababu ya korona. Mwezi wa Mei Mji wa Kale nao ukafungwa kwa majuma kadhaa, watu wasiingie wala wasitoke. Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili ya kawaida, familia nne, ukumbi mmoja, choo kimoja. Watoto tulikuwa kumi na mmoja, na kelele zetu zilikuwa zikimkosesha nyanya usingizi wake wa adhuhuri. Baba alitwaa mlango mbovu uliokuwa uani, akaupaka rangi nyeusi, akauegemeza ukutani. Chaki alipata kwa jirani fundi cherehani, ile ya kuchoria vitambaa. Akatuambia tukae.

Somo la kwanza nalikumbuka mpaka leo. Alituuliza hivi: mzigo wa thamani ya shilingi 100,000 ukitozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha ukatozwa kodi ya VAT ya asilimia 16, mwenye mzigo atalipa kodi kiasi gani kwa jumla? Binamu yangu wa darasa la nane akajumlisha 25 na 16, akasema 41,000, na sote tukafuata kama kondoo. Baba akatikisa kichwa. VAT haitozwi kwenye thamani ya mzigo peke yake. Hutozwa kwenye thamani pamoja na ule ushuru, yaani asilimia 16 ya 125,000, ambayo ni 20,000. Jumla ni 45,000, na hapo bado ada nyingine ndogo ndogo. "Hizo elfu nne mlizozisahau," akasema, "ndizo zinazowafanya watu wagombane na klarani." Nilikuwa darasa la tano. Nilielewa asilimia siku ile, kwa sababu mara ya kwanza niliona kuwa asilimia ni pesa za mtu.

Skuli zilipofunguliwa sote Januari 2021, watoto hawakuacha kuja. Waliongezeka. Walitoka Kuze, walitoka Kibokoni, mpaka mama mmoja wa Tononoka akawa analeta wanawe wawili jioni. Baba hakuwa akitoza kitu ila aliyejiweza alileta sukari. Mchana alikuwa akifanya vibarua vya kuandikia watu fomu na barua.

Sasa nifike penye hoja yenyewe. Septemba 2022 Serikali mpya iliamuru shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa. Simu ya baba ikaanza kulia tena. Rafiki yake mmoja alikuwa akifungua ofisi na alimtaka aje kesho yake, kwa mshahara unaokaribia ule wa zamani. Kazi ilikuwa imerudi mlangoni, imebisha hodi, imesimama. Baba akakataa. Alisema anataka kwenda kuchukua stashahada ya ualimu, ile ya watu ambao tayari wana digrii ya masomo mengine, ili asajiliwe na Tume ya Huduma kwa Walimu, maana sheria hairuhusu mtu kufundisha skuli bila usajili.

Je, huyo ni mtu aliyekimbilia ualimu kwa kukosa pa kwenda? Vijana wengi wa miaka kumi na minane hujaza fomu ya chuo na ualimu huuweka mstari wa nne, chini ya udaktari, sheria na uhandisi. Wakikosa yale matatu wanaangukia huku. Hakuna anayewacheka. Baba aliuweka mstari wa kwanza, na mstari wa pili ulikuwa na mshahara mzuri. Nani kati yao aliyeuchagua ualimu?

Ami yangu hakukubali. Alikuja nyumbani usiku baada ya Isha, hata viatu hakuvua vizuri.

"Ndugu yangu, wewe una akili timamu? Mtu wa miaka 44 waenda kukaa benchi moja na watoto?"

"Naenda kukaa na wanafunzi wenzangu," baba akajibu.

"Samaki hukunjwa angali mbichi, yakhe."

"Mimi si samaki."

Nyanya, aliyekuwa amelala kitandani tukidhani hasikii, akaitikia kutoka chumbani: "Na ng'ombe hazeeki maini! Haya, nyamazeni nilale."

Kule kwenye kahawa, upande wa Makadara, maneno yalikuwa makali zaidi. Mzee mmoja alisema ualimu ni kazi ya kupitia, si kazi ya kufikia. Neno hilo limenikaa kichwani, kwa sababu lina ukweli wa kihistoria ndani yake. Tuwatazame wakubwa wetu. Julius Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 akaingia siasa kwa ukamilifu, na mpaka leo hakuna anayemwita Rais, anaitwa Mwalimu. Huku kwetu Daniel arap Moi naye alitoka darasani akaingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka huo huo wa 1955. Sheikh Abdalla Saleh Farsy alisomesha skuli za Unguja miaka mingi, kisha mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, hapa hapa Mombasa. Wote walikuwa walimu, na wote twawasifu kwa yale waliyoyafanya baada ya kutoka. Ni kama kwamba mlango wa ofisi ya walimu una bawaba za kufungukia nje tu. Anayeusukuma kuingia ndani, tena akiwa na kitambi, anaonekana amepotea njia.

Lakini kinachonishangaza zaidi ni hiki. Sisi watu wa mji huu hatukuwa hivi. Katika chuo, yaani madrasa, hakuna aliyeuona ukubwa kuwa aibu. Nyanya yangu alidarizi kofia tangu usichana wake. Alipofika miaka hamsini na kitu macho yakachoka, hawezi tena kuona vitobo. Ndipo alipoanza kusomesha watoto wa jirani alifu na bee sebuleni. Kuna aliyecheka? Watu walimletea watoto na halua. Mwalimu wa chuo wa zamani aghalabu alikuwa na kazi nyingine: huyu mshonaji, yule mvuvi, yule ana duka. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui mwenyewe, ambaye jina lake hatuwezi kulitaja Mombasa bila heshima, alisomesha darsa, mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu. Hakuna aliyesema mwandishi wa gazeti hafai kusomesha.

Basi mbona chuo ni sawa na skuli si sawa? Mimi naona tofauti ni swali tunalouliza. Mwalimu wa chuo twamuuliza: wajua nini, na tabia yako ikoje? Mwalimu wa skuli twamuuliza: walipwa ngapi? Ukiuliza swali la pili, kweli baba ni mjinga. Ukiuliza la kwanza, hata ami atanyamaza.

Sisemi kila mtu mzima afungue kitabu aingie darasani. Hapo wanaonitetea sana huwa wananipita. Kujua jambo na kujua kulifundisha ni ndugu, lakini si pacha. Nimesoma habari za mwanafalsafa mmoja wa Austria, Ludwig Wittgenstein, mtoto wa tajiri wa chuma. Alisomea uhandisi, akawa askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akaandika kitabu kilichomfanya maarufu kwa wanafalsafa wa Ulaya. Kisha akasomea ualimu, na kuanzia 1920 hadi 1926 akafundisha shule za msingi vijijini. Akili alikuwa nayo tele, na watoto wengine walimpenda. Subira ndiyo iliyomshinda. Aliwapiga, na mwaka 1926 alimpiga mvulana mmoja mpaka akazimia. Akaiacha kazi. Kwetu Kenya kiboko kilipigwa marufuku skulini mwaka 2001, lakini mwalimu anaweza kupiga kwa ulimi pia, na mtu aliyezoea kuamrisha ofisini ana hatari hiyo kubwa zaidi.

Baba aliionja. Muhula wa mazoezi ya kufundisha alipangiwa skuli moja ng'ambo ya Likoni, kwa hivyo kila alfajiri alikuwa kwenye feri na begi lake. Wiki ya kwanza wanafunzi walishampa jina: Kontena. Kisa ni kuwa aliingia Kidato cha Pili akawasomea maelezo kwa kasi ile ile ya kumsomea karani mwenzake nambari za mzigo, wao wakaandika mistari miwili wakakata tamaa. Mkufunzi aliyekuja kumkagua alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa. Alikaa nyuma, akaandika, na baada ya kipindi akamwambia kwa adabu, "Mzee, somo lako lilikuwa zuri, lakini ulilifundisha ubao." Baba alituhadithia haya jioni huku akicheka mpaka machozi. Kisha akaketi mpaka saa sita za usiku akiandika upya andalio la somo. Hicho ndicho ninachokiita kusomea ualimu. Mtu aliyekuwa akiitwa "bosi" na madereva anakubali kurekebishwa na kijana ambaye angeweza kuwa mpwa wake, na kesho anarudi darasani akiwa amerekebika. Asiyeweza hilo abaki ofisini kwake, kwa amani.

Baada ya muda Kontena likageuka kuwa jina la mapenzi. Siku ya barua rasmi aliwapelekea barua halisi ya kuomba kutolewa mzigo, majina ameyafuta kwa wino, akawaambia watafute kosa moja lililoufanya mzigo ulale siku tisa. Walitafuta kipindi kizima. Kosa lilikuwa tarehe. Sidhani kuna mwanafunzi wa darasa lile atakayesahau tena kuandika tarehe kwenye barua. Vitabu vyetu vina mifano ya barua rasmi chungu nzima, lakini zote zimeandikwa na watu ambao hawakuwa wakingojea jibu.

Wala jambo hili si la Bondeni peke yake. Uingereza kuna mwandishi wa gazeti la Financial Times, Lucy Kellaway, aliyeandika safu yake kwa miaka mingi akijulikana kila pembe. Mwaka 2017, umri miaka 58, aliiacha kalamu akaenda kuanza ualimu wa hesabu katika skuli ya Hackney, London. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameshirikiana na mwenzake kuanzisha shirika liitwalo Now Teach, la kuwavuta watu wazima wenye kazi zao waingie ualimu. Na kama umri ndio kikwazo, Wakenya tuna haki gani ya kusema? Ni sisi tuliompa dunia Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Tulijivunia mzee wa kujifunza. Kijana wa miaka 44 wa kufundisha ndiye anatushinda?

Haya, sasa nizungumze lile ambalo wanaume wa kahawa hawalizungumzi, kwa sababu hawalijui. Aliyebadili kazi ni baba. Aliyelipa ni mama.

Mama huamka saa tisa za usiku. Hukanda unga wa mahamri, huweka mbaazi motoni, na ikifika saa kumi na mbili meza yake iko nje. Kabla ya 2023 alikuwa akifanya hivyo siku za Ramadhani na Jumapili tu, kujipatia pesa za leso. Tangu baba aingie chuoni ikawa kila siku, na jioni akaongeza viazi vya karai. Karo ya chuo cha baba, karo yangu, kodi ya nyumba, dawa za nyanya za presha, vyote vilipita kwenye karai lile. Mbaazi zilizobaki asubuhi ndizo zilizokuwa kitoweo chetu cha mchana, na zisipobaki twashukuru kwa biashara na kula mkate mkavu. Dada yangu mkubwa alichelewa kujiunga na chuo kwa mwaka mzima. Sijawahi kumsikia mama akilalamika mbele ya watu, lakini nilimsikia usiku mmoja akimwambia baba, "Mimi nimekubali. Lakini usije ukaniambia ulifanya peke yako." Baba akasema, "Sitasema." Na hajasema. Akiulizwa, hujibu kuwa amesomeshwa na mahamri.

Nalitaja hili kwa sababu tukitaka watu wenye ujuzi waje kutufundisha, lazima tujue ni nani anayeubeba mzigo. Kijana wa miaka 23 akisomea ualimu analishwa na wazazi. Mtu wa miaka 44 yeye ndiye mzazi. Hana mkopo wa maana wa kumtosheleza, hana likizo yenye malipo, na anapomaliza hasubiriwi na kazi. Atafundisha kwa kulipwa na Bodi ya skuli, kiasi kidogo kinachotoka kwenye mifuko ya wazazi, kama anavyofanya baba sasa. Au ataomba ule mpango wa walimu vibarua ulioanza 2020, ambao mwalimu wa sekondari alipewa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Wengi mnakumbuka mwaka 2024: mahakama ilisema si halali kuwatumia walimu waliohitimu kwa mtindo ule, wenyewe wakagoma, na Januari 2025 walimu 46,000 wa sekondari ya msingi wakapewa ajira ya kudumu. Hayo ni mema. Lakini posho ile ilipangwa ikimfikiria mtu asiye na mtoto.

Najua kuna pingamizi, na hili ndilo naliheshimu. Rafiki yangu wa karibu katika Chama hiki ana kaka aliyehitimu ualimu mwaka 2018 na bado yuko nyumbani. Aliniambia, "Baba yako ameshakula miaka kumi na sita bandarini. Sasa aja kula na nafasi ya kaka yangu." Sikuwa na jibu la haraka, na sitaki kujifanya kuwa lipo rahisi. Kaka yake ana haki. Amengoja. Kama ningekuwa mimi ndiye mwajiri, na mbele yangu wako wawili waliotoshana, ningempa aliyengoja zaidi, hata kama mwingine ni baba.

Lakini tusikubali kugombanishwa. Katika darasa lililo karibu na letu wanafunzi walikaa muhula mzima bila mwalimu wa Historia. Si kwa sababu walimu hawako. Wamejaa majumbani, vijana na wazee. Waliosomea kazi ni wengi, na madarasa yasiyo na walimu ni mengi. Kinachokosekana katikati ni pesa ya kuwalipa. Baba na kaka wa rafiki yangu wamesimama upande mmoja wa mlango, na kupigana hapo kizingitini hakutaufungua. Tena piga hesabu: mwalimu hustaafu akiwa na miaka 60. Mwenye miaka 46 ataiacha nafasi baada ya miaka 14. Wa miaka 24 ataikalia miaka 36. Huyo mzee hazuii foleni kwa muda mrefu.

Na pana jambo moja ambalo wale waliokwenda moja kwa moja kutoka dawati la mwanafunzi hadi meza ya mwalimu hawawezi kutupa, hata wawe hodari namna gani. Hawajawahi kuajiriwa mahali pengine. Mtaala mpya uliofika Gredi ya 7 Januari 2023 una masomo ya ufundi wa awali, na watoto wanatarajiwa waguse kazi, si kuisoma tu. Nani atawafundisha? Hapa kisiwani kuna mafundi wa mashua, wapishi waliopika hoteli za pwani miaka ishirini, mabaharia waliozunguka Ghuba, mafundi umeme waliorudi kutoka Dubai na Maskati. Baadhi yao wana vyeti, na baadhi wana subira pia. Wakifunguliwa njia ya kusomea ualimu jioni na siku za likizo, kwa ada ambayo mahamri yanaweza kuilipa, watakuja. Si wote. Wachache tu wanatosha skuli zetu.

Kwa upande wangu, nimemkabidhi katibu wa Chama hoja ya mdahalo wa muhula ujao: kwamba mtu aliyefanya kazi nyingine kwa miaka kumi anafaa kuwa mwalimu kuliko aliyetoka chuoni moja kwa moja. Mimi nitazungumza upande wa kuunga mkono. Rafiki yangu yule mwenye kaka ameshajiandikisha upande wa kupinga, na ameniambia atanigaragaza. Upande wake bado una nafasi mbili, na majina yapelekwe kwa katibu kabla ya Ijumaa ya kwanza baada ya kufungua skuli. Baba ameomba aruhusiwe kuja kusikiliza, akae nyuma.